Majani Mabichi Barabarani

Nilipoanza kazi ya konvoyeri, yaani msaidizi wa dereva, kwenye lori la vitunguu na maharagwe pale Butembo, Kongo, mwishoni mwa miaka ya 1980, kifaa cha kwanza nilichokabidhiwa kilikuwa panga. Gari likikufia kwenye kona, unaruka chini na kukata matawi, unayalaza barabarani mafungu mafungu, nyuma ya gari na mbele yake, maana anayeteremka haoni anachokiona anayepanda. Dereva wangu alikuwa nayo ile pembetatu nyekundu ya sheria. Aliifungia chini ya kiti, kwa sababu ukiiacha njiani mtu anaondoka nayo. Majani haibi mtu.

Tena majani yana umri. Ukikuta mabichi, gari liko mbele yako, punguza mwendo. Ukikuta yamenyauka, wenyewe wameshaondoka, pita. Mawe ndiyo yaliyokuwa balaa. Lori likisimama mlimani huzuiwa magurudumu kwa mawe makubwa. Likitengenezwa, dereva anatia gia na kwenda zake, mawe yanabaki. Usiku, jiwe lililosahauliwa ni baya kuliko lori lenyewe. Mzee niliyesafiri naye alikuwa mpole hata kwenye mambo ya pesa, lakini konvoyeri aliyeacha jiwe alishushwa kijiji kinachofuata, atafute gari jingine.

Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54 hivi, kupitia Maboya na Kabasha. Butembo iko juu vilimani, asubuhi imefunikwa ukungu. Beni iko chini, kuna joto. Katikati ni kona, na mvua ikinyesha, matope. Habari zilikwenda dirisha kwa dirisha: malori mawili yanasimama ubavu kwa ubavu, injini zinanguruma, na walio nyuma wanasubiri bila kelele.

“Muzee, huko kukoje?”

“Maboya kuko vibaya, mudogo. Kuna moja imelala pale. Pita mkono wa kuume.”

Ukikosa nafasi ya kusimama, kiganja kilichogandamiza hewa mara mbili kilisema polepole, na taa zilizowashwa na kuzimwa zilisema kuna kitu. Halafu kulikuwa na shida ya usukani. Magari yetu mengi yanatoka Mombasa, yanapitia Uganda. Ukivuka mpaka wa Kasindi unabadili upande wa barabara, lakini usukani unabaki kuliani. Ukiwa nyuma ya lori huoni mbele mpaka umeshatoa gari zima katikati ya njia. Kwa hiyo jirani wa kushoto alikuwa macho yako, na dereva wa lori akikuhurumia alikuwashia taa ya kugeukia: ya kulia, pita, ya kushoto, kaa hapo hapo. Uliyaweka maisha yako mikononi mwa mtu ambaye hujawahi kumwona uso, na mara nyingi hukukosea.

Vita vya 1998 viliingia kwenye lugha hiyo pia. Eneo letu likawa chini ya uasi wa RCD-K/ML, na vizuizi vikazidi kona. Taa zile zile sasa zilimaanisha kamba iliyotandazwa na kijana mwenye bunduki. Vidole vilivyoinuliwa dirishani vilikutajia bei ya siku hiyo. Tulikuwa tukionyana kuhusu barabara, tukaanza kuonyana kuhusu watu.

Kisha ikaja Oktoba 2014, mauaji yakaanza kuzunguka Beni. Kwenye njia za Oicha, Eringeti na Kasindi ishara zetu hazikutosha, kwa sababu aliyeona hatari mara nyingi hakurudi kuisimulia. Hapo tulijifunza kusoma utupu. Muda ukipita bila gari kutoka upande wa pili, bila mama mwenye mzigo wa kuni, unasimama kijiji kinachofuata na kuuliza. Hata misafara ya kusindikizwa na askari haikuondoa hofu: tarehe 1 Septemba 2021 mmoja ulishambuliwa kwenye njia ya Komanda na Luna, ng’ambo ya mpaka wa mkoa wetu na Ituri.

Katikati ya hayo yote ikaja Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018. Njiani vikawekwa vituo vya kunawa mikono na kupima joto la mwili. Basi madereva wengine wakapiga taa kuonya kwamba kituo kiko mbele, kama walivyoonya kuhusu kizuizi cha waasi, na abiria mwenye homa akashuka kwenye pikipiki, akakata shambani, akapandia upande wa pili. Waliopiga taa waliamini wanasaidia, na ninawaelewa: tulikuwa tumefundishwa kwa miaka mingi kwamba mtu anayekusimamisha barabarani anataka kitu chako. Lakini ugonjwa ule uliua zaidi ya watu 2,200 kabla ya kutangazwa kwisha Juni 2020, na mwingi wa safari zake ulipita njia tunazozijua sisi.

Siku hizi onyo linakuja kwa sauti ya WhatsApp. “Ndugu zangu, msipite, kumechafuka.” Wapi? Lini? Nani ameona? Imeshatumwa na kutumwa tena, huenda ni ya juzi, huenda ni ya mwaka jana, sauti hainyauki. Nimeona maegesho ya Beni yakijaa malori kutwa nzima kwa maneno ya mtu asiyejulikana, nyanya zikioza. Ndiyo maana kwenye kikundi chetu tumeweka sharti: anayeonya aanze na jina lake, mahali alipo na saa. Asiyefanya hivyo tunamfuta, hata kama anasema kweli.

Mpwa wangu anaendesha pikipiki ya abiria Butembo. Yeye anapiga taa hasa kwa ajili ya polisi wa rulaji, wale wa barabarani, ili wenzake wasio na karatasi wageuze. Tumebishana sana. Ananiambia, “Muyomba, na wewe ulikuwa unaonyesha vidole.” Kweli, lakini wale wenye kamba hawakuwa wakikagua breki. Tangu Juni 2021, marais wa Kongo na Uganda walipozindua Kasindi kazi za barabara ya kwenda Beni na kuendelea hadi Butembo, kila mtu anaota lami, na lami ni mwendo kasi. Nimemwambia apige taa kwa jiwe, kwa ng’ombe, kwa gari lililolala. Kwa polisi aache. Hajakubali bado.