Kabla Unishauri, Niangalie Kwanza

Ushauri mzuri ukija wakati mbaya ni mzigo tu. Tangu niache chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa, kila mtu ana wake. Anko anasema nirudi darasani. Jirani anasema nifungue duka. Wananipenda, sikatai. Lakini hakuna ameuliza niko wapi saa hii.

Seli zako zinauliza. Skia.

Protini huanza kama uzi mrefu wa asidi amino, halafu hujikunja mpaka ipate umbo la kazi. Sehemu zinazokwepa maji hujificha ndani. Kabla zijifiche ziko wazi, na zikikutana na za jirani, zinanasana. Ona ute wa yai kwa sufuria: joto hukunjua protini, zinashikana, na hata yai likipoa, ute haurudi.

Kuna protini zinazozuia hiyo fujo. Zinaitwa shaperoni, yaani walezi. Na haziulizi jina, zinaangalia hali. Hsp70 hushika kipande kifupi kinachokwepa maji, asidi amino kama 7 hivi, kikiwa bado nje. Kwa nguvu ya ATP inashika, inaachilia, inashika tena. Kipande kikishajificha, haina cha kushika, inaenda zake. Hsp90 mara nyingi huja baadaye, kwa protini zilizokaribia kuwa tayari, kama vipokezi vya homoni za steroidi. Bakteria nao wana GroEL, chumba chenye kifuniko: protini inaingia, inajikunja peke yake, mbali na umati.

Na hakuna mlezi hapo anayechagua umbo. Christian Anfinsen alipata Nobel ya Kemia 1972 kwa kazi iliyoonyesha kwamba maelekezo ya umbo yako ndani ya uzi wenyewe. Mlezi anakupa nafasi tu.

Kwa hivyo, maoni yangu. Mtu ameacha chuo wiki jana? Mshike, asibaki peke yake na mawazo. Ameanza kusimama, kama mimi sasa? Hataki hotuba, anataka taa ya kurekodia. Amechoshwa na kelele? Mwachie chumba, ufunge mlango.

Na akishajipanga, muachilie. Hapo ndio watu wetu hushindwa.