Siku Moja Kando ya Mto Hamble



Wahenga wetu wa pwani walituachia neno: tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maji yakiingilia tezi au yakiingilia omo, mwisho wake hukusanyika mle chini ya chombo, na huko ndiko baharia huinama kuyakumba. Neno hili tulilisema mara nyingi maishani bila kulizingatia. Mwezi wa Machi uliopita tulilielewa, na aliyetuelewesha alikuwa mtu aliyeshika nyundo ndogo mkononi, katika kitongoji cha Bursledon, kusini mwa Uingereza.

Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Lamu, alikuwa amestaafu kazi na kupokea kiinua mgongo chake. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa vyombo, na yeye mwenyewe utotoni alimsaidia kukalafati mashua kwa pamba na kuzipaka deheni ya shahamu na chokaa. Miaka mingi ya kukaa ughaibuni haikumtoa bahari moyoni. Akaona tangazo la mashua ya tanga iliyotumika, bei yake pauni 3,000, akatuomba tumsindikize. Mkewe alituita kando kabla hatujatoka, akatuambia: "Mwalimu, pesa hizo ni za uzee wetu. Mwangalie ndugu yako asizimwage majini." Basi tuliondoka na amana mbili shingoni, ya mume na ya mke.

Tulipanda treni London hadi Southampton, bandari ambayo Titanic iling'oa nanga mwaka 1912, kisha tukabadili treni ndogo iendayo Portsmouth. Kituo cha Bursledon kimejibanza ukingoni mwa mto, na msafiri akishuka tu macho yake huangukia milingoti. Mto Hamble si mrefu wala si mpana, lakini kutoka hapo hadi unapoingia katika ghuba ya Southampton umejaa vyombo vya starehe pande zote mbili, mlingoti kwa mlingoti, mfano wa msitu uliopukutika majani. Maji ya sehemu hizo yana tabia yake: yakishajaa hayakimbilii kupwa, husimama kwa muda mrefu kana kwamba yanafikiri. Mwenzetu alisimama nayo, akifikiri pia.

Mahali hapo ni pakongwe kwa kazi ya vyombo. Juu kidogo ya madaraja, ndani ya tope, yamelala mabaki ya Grace Dieu, merikebu kubwa ya Mfalme Henry wa Tano, iliyoshushwa majini Southampton mwaka 1418. Haikuwahi kupigana vita vya maana. Iliwekwa mtoni, na mwaka 1439 radi ikaipiga ikaungua. Mwenzetu aliposikia habari hiyo alicheka, akasema: "Kumbe hata mfalme alinunua chombo akakosa pa kukipeleka."

Mashua tuliyoifuata ilikuwa imepandishwa nchi kavu, imesimama juu ya magogo. Ilikuwa ya aina ya Westerly Centaur, ambayo ilianza kuundwa mwaka 1969, na zaidi ya 2,000 ziliundwa kabla ya kusitishwa. Urefu wake ni futi 26, na badala ya mkuku mmoja ina miwili, huku na huku, hata maji yakipwa ikae wima juu ya tope bila kulala ubavu. Mwenzetu aliizunguka akiipapasa kama mtu anunuaye ng'ombe. Mwenyewe, mzee wa Kiingereza mpole, alitupa chai na kutueleza kwamba magoti yake hayamruhusu tena kupanda na kushuka. Rangi ilimeta, mito ya ndani ilikuwa safi. Hapo mwenzetu alikwisha kununua moyoni, ilibaki mkono tu kuingia mfukoni.

Bahati njema, hakutoa fedha zote. Desturi ya huko ni kwamba mnunuzi hutaja bei, huweka kiasi cha sehemu moja ya kumi, na mapatano huandikwa kwa sharti la ukaguzi. Mkaguzi huajiriwa na mnunuzi, wala si muuzaji, ili ulimi wake uwe huru. Akigundua kasoro kubwa, mnunuzi huweza kuomba bei ipunguzwe, au kujitoa na kurudishiwa amana yake. Gharama ya ukaguzi lakini hairudi.

Mkaguzi alianza kwa nyundo. Aligonga bodi hatua kwa hatua, akisikiliza kama mtu agongaye nazi sokoni akitafuta nzima. Faibaglasi yenye afya hulia kwa ukali, iliyoachana matabaka hutoa sauti butu. Akatwaa kipimo cha unyevu, kisha akatuonyesha malengelenge madogo chini ya mstari wa maji. Tulidhani faibaglasi haiguswi na maji. Kumbe maji hupenya taratibu kwa miaka, hukutana na kemikali zilizobaki ndani, yakafanya vijishimo vyenye umajimaji mkali. "Hayo hayatazamisha chombo leo," alisema, "lakini tiba yake ni kukwangua, kukausha kwa miezi, na kupaka upya, na ni ghali."

Akainama kwenye mikuku. Mahali ilipoungana na bodi palikuwa na nyufa nyembamba kama unywele, ishara kwamba chombo, kila kikikaa juu ya tope, kilijipinda kidogo. Akaingia ndani, akafunua mbao za sakafu, akamulika ngamani. Hapo ndipo tulipolikumbuka neno la wahenga. Juu kila kitu kiling'aa, chini kulikuwa na maji meusi na boliti zenye kutu. Akakwaruza vali ya shaba inayozuia maji ya bahari yasiingie, na rangi yake ikatokea ya waridi. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Maji ya chumvi huila zinki, ikabaki shaba yenye vitundu, na teke moja laweza kuivunja. Ndiyo maana wenye vyombo hufunga nje kipande cha zinki ili bahari ile hicho kwanza, na hukibadilisha kinapokaribia kuisha. Kipande cha mashua hii kilikuwa kimekwisha zamani.

Ikafuata hesabu. Nyaya za mlingoti, ambazo kampuni nyingi za bima hutaka zibadilishwe kila baada ya miaka kumi hivi, zilikuwa za zamani kuliko hapo. Rangi ya chini ya kuzuia viumbe vya baharini hupakwa karibu kila mwaka, na haipakwi kiholela. Mwaka 1987 Uingereza iliipiga marufuku rangi yenye sumu ya bati kwa vyombo vidogo, baada ya kuonekana inaharibu chaza. Gati la mwaka mmoja katika mto ule, tulipouliza, lilizidi bei ya mashua yenyewe. Rahisi, ndugu zetu, huwa ghali.

Hati nazo zina mambo yake. Sheria ya Uingereza hugawa chombo kilichosajiliwa kwa umiliki katika hisa 64. Lakini daftari la vyombo vidogo, ambalo wengi hulitumia, halithibitishi mmiliki ni nani. Mnunuzi sharti adai mlolongo wa hati za mauzo, kutoka mwenyewe wa kwanza hadi wa leo, na ahakikishe kuwa chombo hakina deni, kwani deni laweza kukifuata chombo kwa mnunuzi mpya.

Mwenzetu alikaa juu ya gogo, kimya. Tulitaka kumfariji, tukaona kimya ni bora. Hatimaye akasema: "Mwalimu, baba angalinipiga kofi. Alinifundisha kuanza ngamani, nami nimeanza kwenye mito." Akamwendea yule mzee, wakapeana mikono, akajitoa. Mzee hakukasirika. Alisema tu kwamba anahofia mwisho wake, maana faibaglasi haiozi na kuivunja ni kwa malipo. Ufaransa tangu mwaka 2019 wana mpango wa kuvunja vyombo vizee vya starehe bila mwenye chombo kulipia uvunjaji. Tuliyatazama mashua mengine yaliyoota ukoka uani, tukaelewa hofu yake.

Habari hii haikuishia kwenye huzuni. Mwezi Mei mwenzetu alinunua kidau kilichotumika cha aina ya Mirror, kwa pauni mia chache, pamoja na gari lake la kukokota. Kilibuniwa mwaka 1962, kina urefu wa futi 11 kasoro, na tanga lake ni jekundu. Kinakaa bustanini kwake, hakilipiwi gati. Na jinsi kiundwavyo ndiyo iliyomshinda: mbao zake nyembamba hushonwa kwa waya wa shaba, kisha mishono huzibwa kwa utepe wa faibaglasi. Hushonwa, ndugu wasomaji, kama mitepe ya Lamu ilivyoshonwa kwa kamba za makumbi.

Tulipomtembelea tulimkuta amelala kifudifudi chini ya kidau, tochi mkononi, wajukuu wawili wamelala ubavuni pake, akiwaonyesha mshono mmoja mmoja. Mkewe alisimama mlangoni na birika la chai. Alitutazama, akasema: "Ahsante, Mwalimu. Amana imefika."

Anayetaka kununua chombo, na aanzie ngamani. Wassalaam.