Kelele Yenye Mwenyewe

Nilipokuwa mtoto Bugarama, upande wa Ngara unaopakana na Burundi, kelele kubwa kuliko zote ilikuwa ya mashine ya kusaga. Ilinguruma kutwa, tukaisikia hadi ng'ambo ya bonde. Jirani akifiwa, mzee mwenye mashine aliendewa, naye aliizima mapema. Usiku ulibaki wa vyura, mbwa na mvua juu ya mabati.

Dar es Salaam nilianzia Manzese, chumba cha mbele, dirisha likitazama barabara. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016, yalikuwa bado. Alfajiri makonda waligonga mabodi ya daladala wakiita "Posta! Kariakoo!" Mchana alipita muuza dawa ya panya na spika yenye tangazo lililorekodiwa, maneno yale yale mtaa mzima. Mgao wa umeme wa 2011 ulipokolea, jenereta za maduka ziliwashwa kwa pamoja. Usiku ilikuwa zamu ya baa.

Wenzangu walinishauri nifunge dirisha. Lakini Januari, chini ya bati lisilo na dari, ukifunga dirisha unalowa jasho. Katika miji ya pwani, upepo na kelele vina mlango mmoja. Nikahamishia kitanda ukuta wa ndani, kabati la nguo nikaliegemeza ule wa barabarani, blanketi zito nikalitundika nusu ya chini ya dirisha. Feni nayo ilisaidia: mvumo wake usiobadilika ulifunika vishindo vidogo vinavyomshtua mtu usingizini.

Besi ya baa haikujali blanketi. Sauti nzito hupenya kuta, nami nilisikia vikombe vikitetemeka mezani. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zimeweka viwango vya mchana na vya usiku, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, lilipewa mamlaka ya kuvisimamia. Lakini sisi wapangaji, wengi wetu tukiwa na watoto wa shule, tulianzia kwa mjumbe wa shina. Akatupeleka kwa mwenye baa mchana, kabla wateja hawajajaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Alitusikiliza, kisha akauliza ni spika ipi hasa inayotusumbua. Jioni alikuja mwenyewe chumbani kwangu, akaweka kiganja ukutani huku kijana wake akipandisha na kushusha muziki. Spika mbili kubwa zikageuzwa zitazame ndani, na besi ikawa inapunguzwa saa nne usiku siku za shule. Muziki haukuisha, lakini nililala. Ulipozidi, nilijua nani wa kumpigia simu, na kwa kujua hivyo tu hasira ilipungua hata kabla sijapiga.

Baadaye nilisoma habari za David Glass na Jerome Singer, wanasaikolojia wa Marekani walioandika juu ya jambo hili mwaka 1972. Waliwasikilizisha watu kelele ile ile, lakini baadhi yao wakapewa kitufe cha kuizima. Waliokuwa na kitufe, hata bila kukibonyeza, walifanya kazi vizuri zaidi baadaye. Mwenye baa alikuwa ametupatia kitufe chetu, kama mzee wa mashine alivyowapa jirani zake.

Siku hizi nikienda Bugarama nakuta bodaboda, na spika kwenye vibanda vya senta. Sisikitiki, vijana wanatafuta riziki na burudani. Ila huwaambia ndugu zangu wasisubiri senta igeuke mji. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Saa za muziki zijadiliwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, wenye vibanda wakiwemo, sasa hivi ambapo kila spika bado tunamjua mwenyewe na tunaweza kumwendea kwa shikamoo.