Ile Video ya Chenga, Kosa Lilikuwa Langu

Leo sina umbea, nina la kukiri. Mnamkumbuka yule dada mwimbaji wa huku Kitaya (jina kapuni) aliyeposti kipande cha ngoma ya usiku, mkamcheka eti kakirekodi na simu ya tochi? Simu yake haina tatizo. Aliyeiedit ile video ni mimi, na nilikaa kimya wakati mnamsema.

Alirekodi vizuri tu. Akanitumia WhatsApp kama video ya kawaida, na video ikipita njia hiyo inabanwa iwe nyepesi. Kilichobanwa hakirudi. Mimi kwa sifa zangu nikaitoa kwa 4K, fremu 60, nikidhani naiongezea ubora. Kumbe 4K ina nukta mara nne ya 1080, na fremu 60 ni mara mbili ya 30, kwa hiyo nilibebesha faili mzigo mara nane bila kuongeza hata sura moja. Kufika Instagram ikashushwa, ikabanwa tena. Na usiku ule vumbi linatimka, watu wanacheza, kila fremu inabadilika, hakuna kitu kigumu kubana kama hicho. Nyuso zikawa vigae.

Wiki ileile kuna mtu wa Mtwara mjini alitaka amwite akaimbe kwenye harusi. Akaiona, akasema atatafuta mwingine. Dada akanipigia: "Mdogo wangu, hivi simu yangu ndo mbovu kiasi hiki?" Nikamjibu labda. Dah.

Bahati nzuri ile ya mwanzo alikuwa nayo kwenye memori kadi. Juzi nimeifuata kwa bodaboda. Nikaitoa upya: 1080 kwa 1920, fremu 30 kama ilivyorekodiwa, MP4 ya H.264, megabiti 10 kwa sekunde. Sekunde 40 zikawa kama MB 50, na kwa bando la kuunga-unga hiyo si mchezo. Nikawasha na ile sehemu ya kupakia kwa ubora wa juu kwenye mipangilio ya Instagram. Imetoka safi, mpaka jasho la wapiga ngoma unaliona.

Nanyi mkimtumia mtu video aiedit, itumeni kama dokyumenti, isibanwe njiani.

Video mpya ipo kwake tangu jana, na mliomcheka kwake mnapajua. Yule wa harusi nimemtumia mwenyewe, nikamweleza kila kitu. Tiki mbili za bluu, hajajibu.