Kadi Haijafa, Imeshikiliwa Tu!

Wadau, kuna prodyuza mmoja hapa mjini, jina kapuni, alitaka kumpiga dogo msanii hela ya saundi kadi mpya, eti ya studio imekufa. Hela yenyewe dogo kakopa! Nikaomba nikae kwenye kompyuta. Kadi nzima kabisa. Programu ya kurekodia ilikuwa wazi kwa nyuma, imeishikilia kadi peke yake, zingine zote zikakosa sauti. Windows inaruhusu hilo. Nikaifunga, mziki ukalia. Ingegoma, ningefuta draiva na kuwasha kompyuta upya; kwa kawaida Windows huirudisha yenyewe. Yote hayo bure. Jamani, kabla hujatoa hela, uliza kwanza: kadi imekufa, au kuna programu imeishikilia? Wangapi mmeshapigwa hivi?