Kompyuta ya Mwana wa Kaka Yetu



Mnamo Novemba 2024 tulipelekwa Ubelgiji kwa majuma matatu, kwa ajili ya semina ya walezi wa walimu. Majuma mawili ya kwanza hayahitaji kusimuliwa. Juma la tatu tulilala Liège, nyumbani kwa mwana wa kaka yetu mkubwa, kijana aliyezaliwa Masisi na kuondoka huko akiwa na umri wa miaka tisa. Tulimkuta ameketi mbele ya meza iliyojaa vyuma na plastiki. Alikuwa anajiundia kompyuta inayopozwa kwa maji.

Tukiri kwamba jambo la kwanza lililotupata ni kukereka. Chuoni kwetu wanafunzi hupokezana kompyuta mbili zinazochajiwa kwa nguvu za jua, na huyu ananunua pampu na radieta ili mashine yake ipate baridi katika nchi ya baridi! Tulimwuliza kama feni haikumtosha.

«Inatosha, baba mdogo», alijibu bila kuona haya. «Maji hubeba joto vizuri kuliko hewa, lakini ukweli ni kwamba napenda tu kuyaona yakipita.»

Mpango wenyewe si mgumu kuelewa. Juu ya prosesa, ile sehemu inayofanya hesabu zote na kuwaka moto kwa kazi hiyo, hufungwa kipande cha shaba chenye mifereji myembamba ndani yake. Maji yanapopita humo huchukua joto na kulipeleka kwenye radieta, mfano wa ile ya gari. Feni huyapoza, na pampu huyarudisha yalikotoka. Radieta nayo ni ya shaba, kwa maana shaba na alumini zikikutana katika maji yale yale, alumini huliwa polepole. Maji yanayotiwa ni ya aina ile ambayo mafundi wetu hutia katika betri za magari, pamoja na dawa kidogo ya kuzuia mwani. Wengi hutumia mipira laini kuyapitisha. Yeye alichagua mabomba magumu ya plastiki inayoangaza kama kioo, ambayo hayaongezi ubaridi wowote, ila huongeza kazi tu.

Kazi hiyo ndiyo iliyotuvuta mezani. Bomba la unene wa milimita 14 haliwezi kukunjwa baridi, litavunjika. Basi huingizwa ndani yake kamba nene ya mpira ili lisibonyee, kisha hupashwa kwa mashine ya kupuliza hewa ya moto huku likizungushwa bila kusimama. Likilegea hupindwa mara moja na kushikiliwa hadi lipoe. Ukiharakisha, linakunjamana kwenye kona. Ukichelewa, linatoa mapovu, na kipande hicho kimekwisha. Kijana wetu alikuwa ameharibu vipande vitano. Tulimwomba atuachie kimoja, na cha kwanza tulikiunguza. Cha pili kilitoka na kona nzuri, nyuzi 90 kamili.

«Umejifunza wapi, baba mdogo?»

Hatukujifunza Ulaya. Tulipokuwa watoto, kaka yetu, yaani baba yake huyu, alitufundisha kupinda fito mbichi juu ya makaa. Alikuwa akisema ni lazima mkono uzunguke na jicho lisiondoke. Tulimjibu hivyo kwa kifupi, kisha tukanyamaza, kwa sababu mazungumzo juu ya kaka yetu tulikuwa tumeyakwepa kwa miaka mingi.

Usiku ule alituonyesha kadi ya picha kabla ya kuifunga. Alituwekea kidole kwenye vijipande vidogo kuliko punje ya mchele. «Hivi ni vya tantali», alisema. «Huhifadhi umeme kidogo na kuuachilia panapohitajika. Hutoka katika koltani. Wanasema Rubaya peke yake hutoa kama asilimia 15 ya koltani ya dunia. Rubaya ni kwetu Masisi, sivyo?» Tulimwambia ndivyo. Akaendelea: risasi ya kulehemia, inayoshika kila kijipande mahali pake, leo karibu yote ni bati, na bati hutoka katika kasiterite. Hapana mtu anayeweza kuapa kwamba chembe hii au ile ilitoka kwenye vilima vyetu, kwani viwandani madini ya nchi nyingi huyeyushwa pamoja. Yeye mwenyewe alisema hivyo. Lakini kisha akauliza swali ambalo hatukulitarajia.

«Baba alikuwa akifanya biashara gani hasa huko Walikale?»

Ndugu vijana, sisi ndio tuliomwambia kwamba baba yake alikuwa mfanyabiashara. Mama yake alikubali tuseme hivyo, na tulidhani tunamlinda mtoto. Kaka yetu hakuwa na duka wala mali. Alikuwa mbebaji wa Bisie.

Wazee wenu wanaikumbuka Bisie ya miaka ile baada ya 2002, kabla ya kampuni na barabara. Machimbo yalikuwa katikati ya msitu, na hapakuwa na gari lililofika. Kasiterite ilitoka mgongoni mwa watu, gunia la kilo 50 kwa kila mmoja, kwa njia ya matope ya zaidi ya kilomita 40 hadi Njingala. Njiani walisimama watu wenye silaha wakitoza kodi. Kutoka hapo mzigo ulifika Kilambo, ambako ndege zilitua juu ya barabara ya magari, ukapelekwa Goma. Kaka yetu alifanya kazi hiyo karibu miaka mitano. Alifariki kwa homa, mbali na nyumbani.

Na fedha zile zilifanya nini? Mwalimu wa miaka ile alikaa miezi bila mshahara. Karo ya masomo yetu ya juu ya ualimu ililipwa na magunia yale, nauli iliyomtoa mtoto huyu Masisi vilevile. Kila tunaposimama mbele ya walimu wapya tukieleza namna ya kuandaa somo, tunasimama juu ya mgongo huo. Aibu haikuwa ya kaka yetu. Ilikuwa yetu sisi tuliovaa koti na kuona heri aitwe mfanyabiashara.

Tulimweleza yote usiku huo, wakati wa kungoja. Maana kompyuta ya maji haiwashwi mara moja. Umeme huunganishwa na pampu peke yake, maji huzungushwa kwa saa nyingi, hata siku nzima, na chini ya kila kiungo huwekwa karatasi nyeupe. Ikilowa karatasi, ni afadhali kuliko kulowa vyombo vyenye umeme. Tuliketi tukitazama karatasi. Hakutukatiza, wala hakulia. Pampu ilinguruma taratibu.

Karibu na alfajiri aliuliza:

«Umesema kilo ngapi?»

«50.»

Aliinama, akaitazama kompyuta yake, ambayo ilikuwa na uzito wa kilo 20 hivi ikiwa na maji, akaishika kama anayetaka kuiinua, kisha akaiacha.

«Na yeye alikuwa na uzito gani?»

Tulifikiri. Kaka yetu alikuwa mwembamba. Tulisema labda 60.

Karatasi moja, chini ya bomba tulilolipinda sisi, ilikuwa na doa la maji. Tulikuwa hatukuusugua vizuri ukingo wake, ukakata kipete cha mpira. Alizima pampu, akamwaga maji, akatupa msasa. Tulisugua ukingo, yeye akatia kipete kipya, akabadilisha karatasi zote, na tukaanza kuhesabu saa upya.