Kukaa Ukerewe Nikiiwaza Njia ya Ijuganyondo

Wengine wameuliza nyumbani kwangu Ijuganyondo, je, mwalimu amehama? La, sikuhama. Nipo kisiwani Ukerewe tangu mwanzo wa Juni, nami nitakaa hata mwisho wa Septemba. Naliombwa nishike nafasi ya mwalimu wa kigango kimoja kando ya ziwa, ambaye amekwenda masomoni. Basi nimeona vema niwaandikie habari za maisha ya huku, na habari za safari ya kurudi, maana hiyo ya pili yanishughulisha kuliko ya kwanza.

Wako watu wa Ulaya ambao theluji ianzapo kwao hufunga nyumba zao, wakaenda kukaa Unguja na visiwa vingine vya joto miezi miwili mitatu, na muda wote huo huulizana siku ya kurudi na bei ya nauli. Zamani nalipokuwa nikisikia habari hizo nalicheka, nikasema, mtu aliyekimbia baridi mwenyewe yamhusu nini kurudi? Sasa sicheki. Mimi nami nakaa kisiwani majira yote ya kipupwe, na kila jioni nahesabu nauli. Theluji huku hakuna, lakini msidhani ni joto tupu. Ziwa letu li mita 1,134 juu ya bahari, na mwezi wa Julai upepo wa kusi uvumapo alfajiri, mtu huitafuta blanketi kama vile tunavyoitafuta Bukoba.

Kisiwa hiki ni kikubwa, kama kilometa za mraba 530, na husemwa kuwa ndicho kikubwa kuliko visiwa vyote vilivyo ndani ya maziwa ya Afrika. Mtu aweza kukaa mahali pengine akasahau kwamba amezungukwa na maji. Mji wake ni Nansio. Kuna mawe makubwa yaliyopandana kana kwamba mtu aliyapanga, kuna michungwa mingi, mashamba ya mihogo, na mpunga mabondeni. Chakula ni ugali wa muhogo na samaki, leo sato, kesho sangara, keshokutwa dagaa. Mhaya asipokula ndizi husema hakula, nanyi mwajua. Juma la kwanza nalikaa mezani nikiutazama ule ugali mweupe wenye kuvutika, na mama mwenye nyumba akanitazama mimi. Juma la tatu akacheka, akasema, "Mwalimu, sasa umekuwa mtu wa hapa, umeomba kuongezewa." Ni kweli. Lakini nikipita sokoni Nansio nikaona mkungu, hata ukiwa mdogo na mkavu, moyo huruka.

Kazi yangu ni kufundisha wanafunzi 27, wakubwa kwa wadogo, kusoma na mafundisho ya dini. Karibu nusu yao ni wavuvi wa dagaa, na hawa wamenifundisha jambo ambalo sikuambiwa chuoni. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za jua. Samaki hawa wadogo huufuata mwanga wakajikusanya, ndipo wavu hutupwa. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haina nguvu, na wavuvi hupumzika. Basi darasa langu hujaa siku za mbalamwezi, na siku za giza hubaki kina mama, wazee na watoto. Mwanzo nalidhani ni uvivu. Kisha naliacha kupanga masomo kwa majuma, nikayapanga kwa mwezi wa mbinguni: somo jipya wakati wa mwanga, marudio wakati wa giza. Tangu hapo mambo yanakwenda vema, nami nawashauri walimu walio Kemondo na visiwa vya Muleba wajaribu.

Asubuhi dagaa huanikwa juu ya mchanga na juu ya vichanja vya wavu, na kina mama huwageuza wakiwafukuza korongo. Harufu yake sitaieleza, kwa kuwa wengine husoma gazeti hili wakati wa kula. Zipo siku wadudu wadogo wa ziwani hupanda toka majini kama moshi mweusi, wakija nchi kavu huingia machoni, puani na ndani ya chai. Mtu hufunga kinywa akangoja wapite.

Sikuwa mgeni kabisa. Kikerewe na Kihaya ni ndugu. Mzee mwenye nyumba asemapo polepole nashika nusu ya maneno, na nusu ya pili naikisia. Tena wazee wa huku husimulia kwamba ukoo wa watawala wao, Wasilanga, ulitoka Ihangiro, yaani kwetu Muleba. Yule mzee hunitania, "Ninyi mlitutawala, sasa mwaja kutufundisha kusoma." Nami humjibu kwamba deni hilo limelipwa kwa njia nyingine. Mwaka 1909 kijana wa Ukerewe aliyezaliwa mwaka 1896, Aniceti Kitereza, alipelekwa kusoma Seminari ya Rubya, huko huko Ihangiro, akakaa miaka 10. Alirudi kwao, akawa katekista, na mwaka 1945 akamaliza kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliotamani mtoto. Kwa lugha hiyo haikupata mchapaji. Akiwa mzee aliigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, na hata mwisho ikachapwa, karibu na kifo chake cha mwaka 1981. Huku watu hulitaja jina lake kama sisi tunavyotaja watu wetu wakubwa. Mimi humfikiri zaidi yule kijana wa miaka 13 kule Rubya, usiku, ziwa lote likiwa kati yake na kwao, wala hapakuwa na simu ya kuwaambia kwamba amefika.

Mimi simu ninayo, na nusu ya maisha yangu ya kisiwani imo ndani yake. Kila jioni hupanda juu ya jiwe moja nyuma ya nyumba, maana huko mtandao hushika, nikasikia habari za kibanja. Mwanangu wa kwanza ana miaka 17, naye ndiye mlinzi wa migomba. Mnyauko umeingia kwa jirani. Nalimwambia kwa simu, na nikamwambia tena, kwamba ua la mwisho la mkungu livunjwe kwa mti wenye panda, lisikatwe kwa kisu, maana kisu huuchukua ugonjwa toka mgomba hadi mgomba. Akanijibu, "Baba, umeshaniambia mara sita." Nalifurahi kwamba alihesabu.

Mwezi wa Julai mambo yalikuwa magumu. Mama yangu ni mzee. Akaugua kifua, akapelekwa hospitali, akalazwa. Wakati huo huo kahawa yetu ilikuwa nusu nyekundu, nusu bado kijani mtini. Siku ya pili tu mtu mmoja alikuja nyumbani na fedha mkononi, akamwambia mke wangu kwamba ataichukua yote ikiwa mtini vile vile, na fedha zitamsaidia mgonjwa. Ninyi wa Kagera hamhitaji kuelezwa. Hii ndiyo butura, na watu wa butura hujua nyumba yenye mgonjwa kabla ya jirani kujua. Bei yake ilikuwa ya kutia aibu. Mke wangu alinipigia simu, sauti yake ikitetemeka, akaniuliza nifanyeje. Naliuliza hospitali yadai kiasi gani. Aliponitajia, nalikwenda kwa mzee mwenye nyumba nikamweleza, naye akaniazima fedha za machungwa yake, bila karatasi, nikazituma kwa simu usiku ule ule. Yule mtu aliporudi asubuhi alikuta watoto wanaanika buni juu ya mikeka. Mke wangu alimkaribisha uji, akanywa, akaenda zake.

Deni hilo nimekwisha kulilipa. Lakini usiku ule sikulala, na kulipopambazuka naliazimu kuondoka. Kazi haikuwa imefika nusu, wanafunzi 27 wangebaki bila mtu, lakini mama ni mmoja. Meli ya asubuhi hutoka Nansio kwenda Mwanza, mwendo wa saa tatu hivi, na jioni, siku za safari yake, ile meli ya usiku iliyorudi safarini mwaka 2020 huondoka Mwanza kwenda Kemondo na Bukoba. Naliona kwamba kesho yake asubuhi ningekuwa kando ya kitanda chake. Nikapiga simu kuwaambia. Simu ikachukuliwa na mama mwenyewe, toka kitandani.

"Mwanangu," akasema, "kuna upepo?"

Nikasema, "Upo, mama, ni wakati wake."

Akasema, "Basi usije kwa maji. Ukija kwa maji utaniua wewe, si kifua."

Wasomaji wa Bukoba mwaelewa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka kwetu, ilizama karibu na Mwanza, wakafa watu zaidi ya 800. Nalikuwa kijana wa shule. Nakumbuka mama akitoka alfajiri kuhani nyumba moja, arudi, abadili kanga, aende nyumba ya pili, hata juma likaisha. Wengi walizikwa Igoma, Mwanza, mbali na migomba yao. Tangu siku ile mama hajakanyaga chombo cha majini, na nalipokuja huku mwezi wa Juni kwa meli, alikaa macho usiku kucha hata nalipopiga simu toka Nansio.

Naliyasimulia haya kwa mama mwenye nyumba, nikidhani atashangaa. Hakushangaa. Alitazama upande wa kaskazini, kunako kisiwa cha Ukara, akasema tu, "Sisi wetu ni wa 2018." Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba mwaka ule, kikitoka Bugolora, kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara, na watu zaidi ya 220 walikufa, wengine mbele ya macho ya ndugu zao waliowangoja ufukoni. Tangu jioni ile twasemezana kwa namna nyingine, mimi na mama yule.

Basi sikuondoka Julai. Mama alitoka hospitali baada ya siku 9, akarudi nyumbani kwake, katika ile nyumba tuliyoijenga upya baada ya tetemeko la Septemba 2016, na sasa anakula vizuri na kugombeza wajukuu. Wanafunzi wangu wamefika karibu na mwisho wa kitabu. Nami nalitafuta njia ya kurudi ambayo mama ataikubali, na kutoka kisiwani bila maji haiwezekani hata kidogo.

Njia niliyoipata ni hii. Gari toka Nansio hadi Rugezi, kisha kivuko hadi Kisorya, na hapo ndipo mahali pembamba, ng'ambo yaonekana wazi mbele ya macho. Toka Kisorya gari hadi Bunda, toka Bunda hadi Mwanza, nilale. Kesho yake alfajiri basi la Bukoba. Zamani hata basi hilo lililazimika kupanda kivuko kati ya Kigongo na Busisi, lakini tangu Juni 2025 pana daraja, urefu wake kilometa 3, na gari hupita juu yake bila kusimama. Kisha Sengerema, Geita, Biharamulo, Muleba, nyumbani. Njia hii huniongezea siku nzima, na kitanda cha Mwanza, na chakula cha barabarani, wala mgongo wangu hautashukuru. Nalimweleza mama hatua kwa hatua, naye akanisikiliza kama hakimu. Nilipofika kwenye daraja akanikatiza.

"Hilo daraja wewe umeliona kwa macho yako?"

Nikasema, "Bado, mama, lakini wenzangu wamelipita."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kivuko cha Kisorya kikoje, na watu huhesabiwa wanapopanda au hawahesabiwi. Nalikwenda Rugezi mwenyewe siku ya Jumamosi ili nikajionee, nikakaa kando kutwa nikitazama kikienda na kurudi, nikamletea jibu. Hapo akakubali.

Naondoka Jumatatu ya mwisho ya Septemba, Mungu akipenda. Mwalimu mwenye kigango atakuwa amerudi siku mbili kabla, nimkabidhi daftari na kumweleza habari za mwezi na dagaa. Mke wangu ameagiza dagaa wakavu debe moja, na kunionya nisibebe machungwa mengi, yataoza njiani. Mzee mwenye nyumba hakubali neno hilo, amekwisha kujaza gunia. Mama ameagiza kitu kimoja tu, kwamba nikishuka Kisorya nimpigie simu kabla sijapanda gari. Vocha nimekwisha kununua.